Sauti ya Papa Gérard na Picha Mpya

Salamabila, 12 Februari 2023

Yaya Emilienne,

Nakusalimu, dada yangu, wewe na Mama, na wote walio pale uani kwetu. Ile dawa ya macho niliyomtumia Mama imefika? Sisi huku tunaamka, Mungu anatuona. Nadine ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka akiwa ameziba mdomo kama bibi harusi. Mvua ni nyingi mno. Jean-Marie, mwendesha pikipiki aliyekuletea barua hii, atakuwa ameisukuma pikipiki zaidi kuliko alivyoipanda. Tafadhali mpe chai.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Tangu Papa afariki, mwaka na nusu sasa, tumepigiana mara nne, na mara zote nne mmoja wetu amemkatia mwenzake. Karatasi haikatiki upesi hivyo.

Neno lenyewe ni hili. Asani amerudi kutoka Bujumbura na televisheni kubwa ya ukutani. Ilibidi tung'oe fremu ya mlango ndipo ikaingia. Amekuja pia na mashine ya diski mpya, zile za picha safi, wanaziita HD. Tumejenga ukumbi nyuma ya duka, viti vya plastiki sitini, na jenereta yake peke yake. Wachimbaji wakitoka mashimoni wanataka pa kukaa na kitu cha kutazama, na huku hakuna mwingine mwenye kitu kama hicho.

Yaya, usipoona huwezi kuamini. Unahesabu nywele za mtu! Na kumbe filamu za zamani, zile zile Papa alizokuwa akiwaonyesha watu ukumbini kwake, huko zilikotengenezwa wanazisafisha na kuzitoa upya kwenye diski hizi. Asani anasema tukiwa na orodha atazitafuta moja moja mpaka zitimie. Kwa hiyo naomba uniandikie majina ya filamu zote za Papa, lakini kama yalivyo kwenye jalada, si yale aliyozibandika yeye. Nikimtajia muuzaji "Mama Hana Macho" atanishangaa.

Hiyo moja tuliitambua kwa picha ya jalada, nasi tumekununulia na wewe. Iko ndani ya bahasha. Ukishaiona utaziweka pembeni zile za zamani. Zimekwaruzika mpaka watu wanaonekana kama wanatembea ndani ya mvua hata wakiwa chumbani.

Mdogo wako,
Laetitia


Kasongo, 19 Machi 2023

Mdogo wangu Laetitia,

Salamu zako tumezipata, nasi tunarudisha. Msalimie shemeji Asani. Nadine mwambie meno yataota, aache kujificha. Dawa ya Mama ilifika, aksanti. Ameitia mpaka ikaisha na haikusaidia. Sasa anajua tu kwamba kumekucha au giza limeingia. Haendi tena sokoni peke yake, nampeleka mimi. Kanisani nampeleka mimi. Hayo siyasemi ili unionee huruma, umeuliza habari za Mama.

Jean-Marie alikunywa chai, na mihogo pia alikula.

Zawadi yako nilitaka kuifanyia heshima. Jumapili ukumbini mwa Papa niliwasimamisha watu nikasema, leo tuna kitu kutoka kwa mdogo wangu wa Salamabila. Nikaitia kwenye mashine. Ikazunguka, ikakohoa, ikaandika "Hakuna diski". Nikaitoa, nikaipangusa kwa kitenge, nikairudisha. Hakuna diski. Mara ya tatu, hakuna diski. Watu arobaini wananitazama mgongo. Ndipo Atumani muuza mafuta akapaza sauti: "Mama Emilienne, mudogo wako amekutumia kioo cha kujiangalia!"

Wakacheka wote, hata wale wa madirishani.

Mashine ninayotumia unaijua. Ni ile ile ya Papa, wewe mwenyewe ulikuwepo alipoinunua. Ulijua haiwezi kusoma diski yako. Kama hukujua, basi umeisahau nyumba yenu upesi sana. Kioo chenyewe nimekitundika juu ya mpunga unaokauka, kinafukuza ndege vizuri.

Halafu niambie, mtu anunue mara ya pili filamu aliyo nayo, apate nini? Picha ikisafishwa, yule mama kipofu atampata mwanaye mapema zaidi? Yule mwovu atatubu? Hadithi ni ile ile. Mtu akija kwangu hahesabu nywele, anataka kujua nini kitatokea, na akishajua anataka kusikia tena. Papa alionyesha filamu miaka ishirini kwa mabenchi ya mbao na televisheni ya tumbo kubwa, na hakuna aliyewahi kudai kurudishiwa tiketi.

Nyinyi mna viti sitini vya plastiki. Ni vizuri. Mungu awazidishie.

Orodha sina nafasi ya kuiandika. Ni kipindi cha karanga.

Yaya wako,
Emilienne


Salamabila, 16 Aprili 2023

Yaya Emilienne,

Kwanza Pasaka njema, ingawa imepita. Nadine aliimba kanisani na jino moja limeanza kuchungulia. Asani amekwenda Kabambare kwa mambo ya bidhaa, nimebaki na duka na ukumbi. Mama nitamtafutia daktari wa macho, nimesikia kuna mmoja hupita Kindu kila mwaka.

Yaya, nisamehe. Sikujua. Naapa kwa kaburi la Papa, nilidhani diski ni diski. Nilipoisoma barua yako niliona aibu kana kwamba nami nilikuwa nimesimama pale mbele ya Atumani.

Sasa nikuambie yetu, nawe ucheke. Jumatatu ya Pasaka tulifungua ukumbi kwa ile filamu ya wapiganaji ambayo Papa aliiita "Mlima wa Visu". Unamkumbuka yule mzee mwenye ndevu anayeruka juu ya nyumba? Tulivyokuwa wadogo tulishika vichwa. Basi kwenye diski mpya waya unaonekana kiunoni mwake. Unaonekana wazi, kama kamba ya mbuzi. Ndevu zimebandikwa, na upande mmoja gundi imeachia. Theluji ni pamba. Wachimbaji walicheka mpaka viti viwili vikavunjika. Kijana mmoja akasema, "Mutu haruki hivi, iko anavutwa!" Nami nilikasirika, Yaya, nikamtetea yule mzee kama babu yangu. Lakini mto wa pale mwisho ni wa kijani! Miaka yote nilidhani ni barabara.

Filamu ilipoisha, mwanamume mmoja wa kwenu Kasongo, anayechimba huku, alisimama akaniambia: "Picha iko safi, mama, lakini iko bubu. Iko wapi sauti ya Papa Gérard?"

Alisema kweli. Watu wa ndani ya filamu wanasema Kichina, maandishi ya chini ni ya Kifaransa na yanakimbia. Nani atayasoma?

Kwa hiyo orodha iache. Ninachoomba ni diski thelathini na moja, zile ambazo Papa alikwenda Uvira kurekodi sauti yake akisimulia kwa Kiswahili juu ya filamu. Asani ana rafiki mwenye kompyuta. Ataitoa sauti na kuiweka juu ya picha mpya, na diski zako zitarudi kwako zikiwa nzima.

Na kuna jambo sijawahi kukuambia. Wewe ulikaa karibu naye. Papa alishika mikro, kile kipaza sauti cha kusimulia filamu, wewe ulimshikia tochi na kumsomea Kifaransa, na alipochoka alikupa wewe uendelee. Mimi nilikuwa mlangoni nakata tiketi. Mpaka leo sijui alivyosimulia mwanzo wa filamu hata moja. Niliingia kila mara mtu wa kwanza akiwa ameshakufa. Huwezi kujua ilivyokuwa kusikia kupitia ukuta watu wakikushangilia wewe na Papa. Sasa ningependa sauti yake ikae kwangu pia. Si yako peke yako.

Laetitia


Kasongo, 25 Juni 2023

Laetitia,

Tunaendelea, Mama anawasalimu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Diski za Papa nilikuwa nimeziweka chini ya kitanda, na mvua za Machi ziliingiza maji. Ukungu umezila zote thelathini na moja. Nilizijaribu, hakuna iliyoimba. Nimezitupa.

Imeshatokea. Usiniulize tena habari hiyo.

Emilienne


Salamabila, 20 Julai 2023

Yaya,

Siandiki habari za nyumbani. Tuko hai.

Barua yako niliisoma mbele ya Jean-Marie kwa sababu alikuwa anasubiri maji ya kunywa. Nilikaa chini nikalia. Akaniuliza kuna msiba gani, nikamwambia, sauti ya Papa imeoza, hakuna tena. Yeye akanitazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. Akasema: "Imeoza namna gani, mama Nadine? Jumapili iliyopita niliketi pale kwenu. Papa Gérard alikuwa analia ndani ya Mama Hana Macho. Watu walijaa mpaka madirishani."

Nilimuuliza mara tatu. Mara zote tatu alisema vile vile. Mwisho akajua ameharibu.

Ungesema tu, sitaki. Ningekasirika halafu ningezoea. Wewe ukamzika Papa mara ya pili, na mara hii pia bila mimi.

Maana najua unanihesabia yale mazishi. Najua uliwaambia shangazi zetu kwamba Laetitia alishindwa kuacha duka. Nilikuacha useme hivyo. Wiki ile nilikuwa kitandani katika zahanati ya hapa, na mtoto wa miezi saba niliyekuwa nimembeba tumboni alikuwa ameshatoka, amekufa. Wa kiume. Asani alimzika mwenyewe. Nilimkataza kuwaambia kwa sababu mlikuwa na maiti yenu, na kwa sababu sikutaka useme kwamba hata kwenye msiba wa Papa natafuta kutazamwa mimi.

Kaa na diski zako.

Laetitia


Kasongo, 3 Septemba 2023

Mdogo wangu Laetitia,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Salamu hazifai kutangulia, nitaziweka mwisho.

Nilidanganya. Diski hazikuliwa na ukungu, ziko kwenye sanduku la Papa, nami nalala kando yake. Nilipoandika uongo ule sikufuta hata neno moja, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Habari za mtoto sikuzijua. Nilikusema vibaya mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimesimama kando ya kaburi. Nimekwenda kwa shangazi zetu mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Mama alilia siku mbili, anauliza kama mlimpa jina.

Ulinieleza ya mlangoni, na mimi nikueleze ya kwangu. Gauni la harusi yako mimi ndiye niliyelishona. Nilipolimaliza nililivaa, nikafunga mlango, nikajitazama, nikalivua. Ukaondoka na Asani, na mimi nikabaki. Ukapata mtoto, duka, nyumba ya bati. Barua yako ya Februari ilipofika nilisoma neno "sitini" nikatoka nje kuhesabu mabenchi yangu. Nilijua Laetitia akipata na sauti ya Papa, mimi sitabaki na kitu ambacho yeye hana. Ni hivyo tu. Hakuna sababu nyingine nzuri zaidi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mama haingii ukumbini siku hizi, maana haoni. Jumapili huketi nje, mgongo ukutani, anamsikiliza mumewe. Nilikuwa sijalifikiria hilo, nilidhani anaota jua. Wiki mbili zilizopita katikati ya filamu diski ilikwama. Papa alikuwa anasema "Njoo", ikabaki hapo hapo: njoo, njoo, njoo, njoo. Watu wakaanza kucheka. Nikakimbilia mashine, na kupitia dirishani nikamwona Mama amesimama, ameshika ukuta, anasema, "Nakuja, Gérard. Nakuja, usinipigie kelele."

 Nilizima mashine, nikatoka, nikamketisha.

Usiku huo nilizijaribu zote. Tisa hazisomi tena. Uongo wangu umeanza kuwa kweli, Laetitia. Nikikaa nazo miaka miwili zaidi nitakuwa nalala kando ya sanduku la vioo.

Nitazileta mwenyewe, sitampa mtu. Jean-Marie amesema mvua ikipungua wiki ya kwanza ya Oktoba tutapita Lusangi, kule njia ni kavu zaidi. Binamu yetu Dieudonnée atakaa na Mama.

Nakusalimu. Wasalimie Asani na Nadine. Mkinifungia mlango nitaelewa, lakini sanduku lipokeeni.

Emilienne


Kasongo, 22 Oktoba 2023

Mdogo wangu Laetitia,

Nimefika salama, matako yameisha, mwili mzima unanuka petroli. Mama amenishika uso kwa mikono yote miwili akasema nimenenepa kwa siku tisa, kwa hiyo aksanti ya chakula. Kitambaa ulichonipa kwa ajili yake amejifunika hapo hapo. Nadine mwambie barua yake aliyoiandika kwa kalamu nyekundu nimeibandika ukutani.

Tulikuwa watu wazuri siku zile tisa. Tulichagua maneno kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Lakini yapo ambayo hatukuyasema, na mimi naanza.

Nilipoingia ukumbini kwenu nilitamani ile televisheni ianguke. Nilikuambia "Hongera", na wewe ukasema "Aksanti", na moyoni nilikuwa naiangusha. Halafu rafiki wa Asani akaokoa sauti kwenye diski ishirini na mbili, nikafurahi, kweli nilifurahi. Halafu akaiweka juu ya picha mpya na haikukaa. Unakumbuka Asani alivyoshika kichwa? Papa alirekodi juu ya filamu iliyokatwa, hii mpya ni nzima na ina vipande ambavyo yeye hakuwahi kuviona. Akawa analia kabla mama hajaanguka, anacheka watu wakiwa kaburini. Hapo nilifurahi zaidi, na hiyo haikuwa furaha nzuri. Nilisema moyoni, mmeona? Papa hakubali picha yenu.

Kisha Asani akasema, "Shemeji, watu wamekaa tangu saa nane. Shika mikro wewe." Sikuwa nimejiandaa. Nilishika. Na kwa mara ya kwanza nikaitazama "Mama Hana Macho" ikiwa safi.

Nimeitafsiri filamu hiyo labda mara mia. Ile sehemu ambapo mama kipofu anapika peke yake na kuongea na mwanaye aliyepotea, Papa daima alisema, "Anaongea na ukuta, maskini." Nami nilisema hivyo hivyo. Laetitia, si ukuta. Ni pazia, na nyuma ya pazia amesimama mtoto. Yuko pale tangu mwanzo, ameshika mdomo wake ili asisikike. Kwenye diski yetu ni doa jeusi tu. Nilisahau mikro, nilisahau mahali nilipo. Nikasema, "Ndugu zangu, huyu mama hayuko peke yake. Mwanaye yuko hapo. Amerudi, na anaogopa kumwambia."

Ulisikia ule ukimya? Wanaume wanaolala mashimoni, na hakuna aliyekohoa. Kwa hiyo nakubali kwa maandishi: niliyokuandikia Machi yalikuwa ya wivu na ujinga. Diski mpya inafaa. Si kwa kuhesabu nywele. Inafaa kwa yule mtoto.

Ndipo umeme ukakatika. Asani alisema ni waya, na watu wakatoka wakinung'unika. Mambo ya jenereta, hakuna la kufanya. Nimesikitika tu kwamba hawakuona mwisho.

Emilienne


Salamabila, 19 Novemba 2023

Yaya Emilienne,

Nakusalimu na Mama. Asani mzima, Nadine mzima. Yule mtoto wetu aliyekufa tulimwita Jean-Baptiste, mwambie Mama. Alikuwa na vidole virefu vya Papa.

Nimekaa na barua yako karibu wiki nne. Kila jioni nilisema kesho nitaandika, na kila kesho nilitafuta kazi nyingine.

Haikuwa waya.

Nilikuwa mlangoni nakata tiketi. Ukumbi ni wetu, ningeweza kumweka mtu mwingine, lakini miguu ilinipeleka pale yenyewe. Watu walipoanza kukushangilia nilivumilia. Nikajiambia, ni dada yako, ni mgeni wako, amekuletea ulichoomba. Kisha ukasema yale ya mtoto nyuma ya pazia, na ukimya ukaja. Yaya, filamu ile nimeionyesha mara saba kwenye picha ile safi. Mara saba, kwa macho yangu haya mazima. Mtoto sikumwona. Televisheni ni yangu, diski ni yangu, viti ni vyangu, na wewe umeketi mara ya kwanza ukakiona kilichomo.

Swichi kubwa iko kando ya mlango. Niliigusa kwanza kwa kidole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Halafu nikaishusha.

Watu walipokuwa wanatoka nilisimama pale pale na kusema "poleni, poleni, ni jenereta". Asani aliijua siku ile ile. Aliiona swichi iko chini, akaipandisha, akanitazama, na mbele yako akasema ni waya. Hajanisema mpaka leo. Naona ingekuwa afadhali angenisema.

Tangu uondoke watu wananiuliza, yule mama wa Kasongo atarudi lini? Nimeshika mikro mara mbili. Wananisikiliza kwa adabu.

Sina cha kujitetea. Ulinidanganya kwenye karatasi, mimi nilikuzimia umeme mdomoni. Sijui kubwa ni lipi. Nimetaka tu usiendelee kuilaumu jenereta.

Laetitia


Kasongo, 10 Desemba 2023

Mdogo wangu Laetitia,

Mama amelipokea jina la Jean-Baptiste, analitaja katika sala za asubuhi, baada ya Papa na kabla yetu sisi.

Swichi nilijua. Nilipomwona yule mtoto nyuma ya pazia, niligeuka kukutafuta wewe. Nilitaka kujua kama nawe umemwona, maana ni nani mwingine duniani ambaye filamu ile inamhusu? Mlango ulikuwa wazi, mwanga uko nyuma yako. Niliuona mkono wako ukiwa juu, nikauona unashuka. Nilikuandikia yale ya waya ili nione utafanya nini.

Nilikasirika kuanzia Salamabila mpaka Lusangi. Kutoka Lusangi mpaka hapa nilikuwa nafikiri: ningekuwa mimi mlangoni, ningesubiri kwa muda gani? Sidhani kama ningefika hata kwenye pazia.

Njoo Januari. Asani akiweza kutuazima mashine ya diski mpya, uje nayo, televisheni ya tumbo kubwa itaipokea vibaya lakini itaipokea. Mama anasema amenisikia mimi miaka yote, sasa anataka kusikia wewe unavyosimulia, naye hajali kama utakosea. Mlangoni nitamweka Atumani. Utaketi kwenye kiti cha Papa tangu mwanzo, kabla mtu wa kwanza hajafa, na mikro nitakupa mimi.

Siwezi kukuahidi kwamba moyo hautaniuma. Utaniuma. Nitaketi benchi la mbele na mikono yangu nitaiweka mapajani, mahali ambapo ukigeuka utaiona.

Yaya wako,
Emilienne